Vipimo vya Msimu

Orodha ya msimu ilibandikwa mlangoni
kwa uji wa muhogo, maana gundi imekwisha,
na kabla ya jioni mbuzi wa jirani
alikuwa amekula mchezo wa nne.
Hatukumpiga. Zihindula alisema
huyu ndiye mhakiki wa kwanza
kumeza kazi yetu bila kulalamika.

Mimi sisomi orodha. Nasoma miili:
bega, kiuno, urefu wa mkono,
utepe shingoni, penseli nyuma ya sikio.
Mwaka wa kumi na tisa huu nawavika watu wa Kadutu
wawe watu wengine kwa saa mbili,
kisha wanirudishie vifungo vyangu.

Septemba tunafungua kwa kichekesho:
harusi ambayo ng'ombe wa mahari amekimbia.
Nabintu ndiye bibi harusi. Shela ni chandarua,
kile cha mradi, chenye matundu ya kupumulia.
Anauza makaa pale kwenye ngazi za soko
na vidole vyake hutia doa kila ninachomshonea,
kwa hiyo nimemtafutia glavu,
naye sasa anazivaa hata akipima makaa.

Novemba, ule wa nyimbo.
Msiulize kwa nini Novemba. Mnayajua mabati yetu:
mvua ikishuka, mtu mmoja hasikiki
hata akitangaza kifo chake mwenyewe.
Thelathini wakiimba pamoja, labda.
Thelathini, jamani! Nguo thelathini
za wachuna magome ya kwinini.
Nimenunua mafurushi mawili ya mitumba,
nimefungua, ndani ni makoti ya theluji.
Tutaona.

Februari, mahakama. Hakimu, askari, padri:
watu watatu, joho moja.
Geuza kola, ondoa mkanda,
Zihindula atatoka kulia akihukumu
na kuingia kushoto akibariki.
Umeme utakatika katikati ya hukumu, kama desturi;
watazamaji watawasha simu zao,
na kwangu mwanga ule ni rehema,
hauonyeshi mishono.

Halafu ule ulioliwa na mbuzi.

Nilikuwepo Mugisho akiuandika.
Ni wa Julai, kiangazi, mabati yamenyamaza,
kwa sababu ni mchezo wa kunong'ona:
baba, binti, meza, taa ya mafuta,
barua isiyofunguliwa.
Baba alikuwa Bisimwa.

Koti lake liko msumarini.
Kifua, sentimita mia moja na nne.
Mkono wa kushoto mfupi kidogo,
aliuvunja utotoni akiteleza mteremko wa Funu.
Mfuko wa ndani una karanga tatu;
alizoea kuzitafuna nyuma ya pazia
nami nikimgombeza kwa maganda.
Mvua ya Aprili iliushusha mlima usiku.
Zaidi ya hapo sisemi, ukumbi wote unajua.

Jana kaja kijana, Murhula, fundi wa redio,
sauti nzuri, mabega ya kifaranga.
Mugisho akaniambia: punguza koti.
Nikashika mkasi. Nikauweka chini.
Nikampima kijana mara ya pili,
kana kwamba kipimo kingemnenepesha.

Basi nimefanya hivi: sikukata.
Nimekunja ndani, nimeshikiza kwa uzi mweupe,
mishono mirefu, ya kufumuliwa.
Kitambaa chote kimo.
Akilivaa atahisi mgongoni uzito asioujua,
atainama kidogo, kama baba,
na Mugisho atasema kijana ana kipaji.

Karanga nimeziacha.

Kesho nabandika orodha upya, juu kuliko shingo ya mbuzi.
Njooni. Kiingilio ni faranga, au yai, au kiti chako mwenyewe.
Simu ziwe na chaji.
Na Julai, tafadhalini,
kohoeni kabla hamjaingia.