Gurudumu la Nyuma, Kushoto

Bi Thuwaiba alisema maneno mawili tu: halivuti kabisa.
Akauweka ufunguo juu ya betri mbovu tunayoifanya meza,
akaenda kukaa penye feni.
Wadi Kabir, Agosti, saa nne asubuhi,
na bati la gereji lilikwishaanza kulia.

Gari dogo, jeupe, lita moja na pointi mbili,
kibandiko cha hospitali kwenye kioo.
Mlima wa Amerati, alisema baadaye,
malori ya kokoto yananipita.
Malori! Na madereva wananionea huruma.

Mimi fundi wa miaka ishirini na sita, najua pa kuanzia.
Nikafungua chujio la hewa: vumbi la Mei nzima limelala mle,
laini kama unga,
na nzige mmoja mkavu.
Nikafurahi. Nikasema, mwizi tumemkamata.
Nikatia jipya, nikawasha, nikakanyaga:
injini ikanguruma vizuri, gari likabaki lilelile.

Plagi, basi. Nikazipanga nne juu ya gazeti.
Zote rangi ya biskuti, rangi ya afya.
Shaji akaleta kompyuta yake, ile anayoifuta kwa shati,
akaichomeka chini ya usukani, akangoja, akatikisa kichwa
mtikiso wa kwao Kerala ambao mpaka leo
sijui ni ndiyo au siyo.
Hakuna kosa, akasema. Hata moja.

Presha ya petroli, sawa.
Eksozi, niliwekea kiganja, ikapumua, haijaziba.
Klachi haitelezi.
Saa saba sasa. Nikaanza kuilaumu petroli,
nikaanza kumlaumu Bi Thuwaiba kimoyomoyo:
labda anakanyaga kwa woga,
mguu wa kike, nikasema.
Naandika hili ili linisute.

Tukatoka kulijaribu. Akaendesha yeye.
Hana woga. Alikanyaga mpaka kapeti,
na gari likapanda likikokota
kama lililofungwa kamba kwenye nguzo ya mjini.
Ikaja harufu ndogo ya kitu kinachoungua,
nikadhani ni lori la mbele.
Kileleni tulipoanza kushuka nikamwambia simama.
Toa gia. Achia breki.
Akatoa. Akaachia.
Gari halikusogea.
Tulikaa mle wawili, bonde lote la Amerati mbele yetu,
mteremko ambao limau lingebiringika lenyewe,
na gari limetulia
kama limeambiwa lisubiri.

Nikashuka, nikalizunguka, nikagusa rimu moja moja
kwa mgongo wa mkono,
unavyogusa paji la mtoto.
Mbele, vuguvugu. Mbele, vuguvugu. Nyuma kulia, kawaida.
Nyuma kushoto ikanirudishia mkono wangu.

Breki ya mkono. Waya umeganda kwa kutu,
brekishu zimeng'ang'ania drami mchana na usiku.
Injini ilikuwa nzima tangu asubuhi,
inavuta gari, inavuta na breki.

Liliegeshwa wapi? Muda gani?
Akahesabu kwa vidole. Miezi mitano.
Matrah, karibu na maji, nje, kwenye hewa ya chumvi.
Nilikuwa Wete, akasema, mama alikuwa anaumwa.
Nilikwenda kwa wiki mbili.
Breki niliivuta kwa nguvu zangu zote,
nilikuwa na haraka, nikaogopa lisije likaondoka.

Sikumuuliza mama yu hali gani.
Tukangoja drami ipoe. Akanipa maji ya chupa,
nayo yalikwishakuwa ya moto.

Waya mpya riali tisa, brekishu saba, kazi nne.
Chujio sikumtoza; lile lilikuwa langu.
Alipokuwa anaondoka nikamwambia,
ukiliacha siku nyingi, tia gia ya kwanza,
weka jiwe nyuma ya tairi, breki iache huru.
Jiwe? akasema.
Jiwe.
Akashuka, akachagua moja palepale getini,
akalipima mkononi, akalirudisha,
akachukua kubwa zaidi.