Ukuta wa Kati

Wahenga waliishia kwenye ukuta:
usipoziba ufa, utajenga ukuta.
Hawakusema ukishaujenga unaufanya nini,
na rangi ikibanduka kila masika
unauvika nini.

Wangu ni wa tofali za inchi sita.
Umekata katikati ukumbi wa nyumba ya baba, Magomeni,
vyumba vitatu kwa vitatu, kama shauri lilivyoamuliwa;
huku mimi, kule dada yangu Mwanahija,
na bomba la uani kwa zamu.

Inchi sita hazizuii kitu.
Najua saa anayozima redio.
Nakijua kikohozi chake cha Julai.
Najua anavyosimamisha mbuzi, nazi mkononi,
akisikia kitasa changu.

Nikaenda Keko kutafuta mbao.

Fundi Selekwa hakuniuliza rangi.
Alinipitisha kati ya mirundo, vumbi la randa kwenye kope zake:
"Hii paini ya Mafinga. Nyepesi, ina macho mengi,
ila usipoitia dawa mchwa watakuombea dua.
Mtiki huu, unadumu, ila bei yake ina kiburi.
Mkongo: usipotoboa kwanza, unapinda msumari.
Zile za plastiki zilizochorwa mti nenda Kariakoo,
mimi siuzi picha.
Na hii mninga. Nusa."

Nikanusa.
Lilifunguka kabati la baba,
kanzu zimekunjwa, karafuu kwenye kitambaa,
na sisi wawili tumejificha ndani
tukizibana midomo tusicheke.

"Sasa niambie," akasema fundi, "unazuia nini?
Unyevu au sauti?"

Sikuwa nimejiuliza.

"Maana unyevu unataka nafasi ya kupumua,
upana wa kidole nyuma ya ubao, basi, nusu inchi yatosha.
Sauti ina gharama. Inataka inchi nzima,
na magodoro ya kushindilia, na ziba kila tundu."

Nikasema unyevu.
Akaviangalia viatu vyangu kwa muda,
akachukua mbao mbili akanionyesha:
huu una ulimi ubavuni, huu una mfereji.
Ulimi ukiingia mferejini, tak,
ukuta mzima unakuwa kitu kimoja.
Nikacheka peke yangu pale Keko.
Ulimi! Kwetu ulimi ndio uliokuwa msumeno:
neno moja tu, arobaini ya baba,
wageni hawajanawa mikono.

Mninga, nusu inchi.
Godoro sikununua.

Jumamosi nyundo ya tano haijatua
ukuta ukagongwa kutoka upande wa pili.
"Nyie! Mnaniangushia vyombo!"

Miaka minne.
Nikamtazama fundi anijibie,
fundi mdomo umejaa misumari.

"Ni mbao," nikasema.
"Mbao gani?"
"Mninga."
Redio ikapunguzwa.
"Mninga! Kumbe una hela wewe."

Sikujibu. Jasho likanishuka mgongoni
kama mtoto aliyeitwa ubaoni.
Kisha, taratibu, karibu kabisa na tofali,
kama mtu aliyeegemeza shavu:
"Vipande vikibaki usivichome.
Lile kabati la baba limeoza mlango, kwa chini."

"Umeoza kiasi gani?"
"Nitajuaje? Mimi nina futi?
Njoo upime."

Fundi akatema misumari kiganjani.
"Tuendelee, mzee?"
"Subiri kidogo."

Nikaushika utepe wake wa kupimia,
nikatoka kwa mlango wangu, nikakata kona.
Hatua kumi na moja mpaka kwake.
Miaka minne, nilidhani ni zaidi.