Nusu Kopo

Dokta Cishugi alisema: siku tatu, fundi,
pangusa, piga rangi, basi.
Nikainamisha kichwa kuingia, na bado nikakigonga.
Leo ni siku ya kumi na moja. Nundu ingali ipo.

Mashua imefungwa Muhumba, kando ya ukuta wa mawe,
matanga yamekunjwa kama shuka za hospitali.
Kwa nje inang'aa; watu wa pikipiki husimama kuipiga picha.
Ndani ni kinywa cha mtu
ambaye hajapiga mswaki tangu enzi za Zaire.

Dari lilikuwa limevikwa ngozi ya plastiki,
chini ya ngozi sponji, chini ya sponji gundi.
Nikavuta kona moja kwa vidole viwili,
likashuka lote, pu, usoni pangu,
sponji imekuwa unga, rangi ya muhogo ulioharibika.
Akonkwa, mwanafunzi wangu, alicheka
hadi akakalia ndoo ya siki.

Siki, ndiyo. Kuvu haiogopi sabuni.

Mimi hutengeneza makabati ya maarusi.
Nina skwea ya chuma, niliinunua
kwa pesa ya jeneza langu la kwanza,
na haijawahi kunidanganya.
Humu ndani haina kazi.
Hakuna ukuta unaokutana na mwenzake kwa haki,
kila ubao una tumbo.
Nimepima kwa katoni za biskuti,
kata, jaribu, kata tena,
mpaka katoni ikaukubali ubavu wa mashua
kama koti la kuazima linavyomkubali mtu
anapokwenda kuposa.

Halafu msasa. Wa themanini, wa mia na ishirini,
ule laini unaoimba.
Vanishi ya kale ikatoka kama magamba ya sambaza,
chini yake mbao nyekundu, si libuyu,
si mti wowote ninaoufahamu kwa harufu.
Nililala chali kwenye kitanda cha mwenye mashua,
vumbi puani, vumbi kwenye pembe za macho,
na ziwa likigonga upande wa pili wa ubao,
unene wa kidole tu kutoka sikioni,
kama jirani anayekuja kuomba chumvi.

Hapo ndipo nilipopima kwa shubiri. Sijui kwa nini.
Chumba hiki kinazidi changu cha Kadutu
kwa shubiri mbili.
Changu tunalala watano.
Hiki ni cha mtu mmoja anayetafuta kimya Jumamosi.
Sikukasirika.
Labda nilikandamiza msasa kidogo kupita kiasi,
pakaota kishimo; nimekijaza kwa unga wa mbao na gundi.
Hakionekani.
Mimi nakiona.

Nyeupe ya maziwa, alisema Dokta, si nyeupe ya wodi.
Mikono miwili ya rangi. Likabaki nusu kopo.
Chukua, akasema, akiwa kwenye simu.

Nilipanda Kadutu na kopo katikati ya mapaja,
nikimwambia wa pikipiki: polepole, nina mtoto mchanga.
Umeme ulikuwa umekwenda. Nsimire alishika mshumaa.
Ukuta wa mbao wa upande wa watoto
ulikunywa rangi kama mtu aliyetoka mazikoni,
na kopo likaisha pale pale, bila tone la nyongeza.

Asubuhi ukuta mmoja ukaamka katika nyumba nyingine.
Tatu zilizobaki, masikini,
zikaonyesha kila kitu: masizi, misumari,
mafuta ya vichwa vyetu vya miaka tisa.
Nsimire akatazama, mikono kiunoni.
"Umetuletea mgeni," akasema, "wa kutusema."

Lakini Cibalonza, kitinda mimba,
niliyemsimulia habari za maji yanayogonga,
alibandika sikio kwenye nyeupe mbichi,
akapata shavu jeupe.
"Baba, mbona huku hakugongi?"

Nikagonga mimi, kidogo, kwa kidole.
Kimya.
Kisha, upande wa pili wa ubao,
sauti ya Mama Nabintu, ya usingizi:
"Hata kwangu chumvi imeisha."