Sabuni ya M'Rhuberwa

Saa nane ya usiku. Umeme umekatika tena Ibanda,
mashine yangu inakunywa mafuta ya jenereta
na kunitemea namba: lipasi, elfu mbili mia nne.
Narudia. Elfu mbili mia nne na kumi.
Damu hii naijua mwenyewe.

Ni M'Rhuberwa, mpika sabuni wa Kadutu,
ambaye mawese na magadi humtii kama watoto.
Jioni alikula sambaza na ndizi za kukaanga;
kabla ya kulala alikuwa amejikunja kama jembe,
maumivu yakiingilia juu ya kitovu, yakitokea mgongoni.

Nyuma ya tumbo kuna kongosho,
jiko lisilopiga kelele.
Humo vimeng'enya hufuliwa kama visu,
cha nyama, cha wanga, cha mafuta,
na kila kimoja hulazwa ndani ya ala.
Marufuku kuchomoa njiani.
Mwamshaji anangoja utumboni, ng'ambo ya mlango.

Lakini kijiwe cha nyongo,
kidogo kuliko punje ya mtama,
kimekaa mlangoni kama lori lililokwama Nyawera,
nyuma yake foleni, nyuma ya foleni joto,
na tripsini akaamka asubuhi isiyo yake.
Akamwamsha ndugu. Ndugu akaamsha ukoo.
Wakaanza kumla aliyewazaa.

Kikulacho ki nguoni mwako, tunasema.
Nguo ni mbali mno.

Alfajiri nilipanda wodini, kinyume cha kanuni.
Mfuko wa maji ulidondoka juu yake, tone, tone;
chakula hapana, na dawa ya kuvirudisha visu alani
hatuna, wala hawana wengine.
Akaniuliza namba yangu ina maana gani.
Nikasema: lipasi imeyakuta mafuta yako,
inayavunja, yanashikana na chokaa ya damu…

"Basi ni sabuni," akanikata.

Nilinyamaza.
Vidole vyake vilikuwa vinacheza vyenyewe,
chokaa ikipungua.

"Miaka ishirini na sita napika," akasema,
"sijawahi kuacha chungu bila mtu.
Huku ndani nani anakoroga?"

Nimerudi maabara. Kwenye beseni kuna kipande chake,
cha kahawia, chenye alama ya dole gumba.
Nimenawa mpaka viwiko, kama kila siku.
Povu limekuja jingi, jeupe, jepesi.
Nimelishika muda mrefu
kabla ya kumwaga maji.