Duara

Shemeji Otari, vuta kiti. Chai imo birikani,
mkate wa jibini nimeufunika kwa kitambaa.
Nina neno nawe, wala si la ugomvi.

Tangu sukari inizime jicho la kulia, kisha la kushoto,
miaka kumi na tisa umenishika kiwiko kila uchaguzi.
Tulipanda ngazi za shule, ishirini na saba,
nilizihesabu kwa magoti,
tukaingia wawili nyuma ya pazia moja.
Nilikunong'oneza nambari.
Nikasikia kalamu ikikwaruza karatasi.
Ilikwaruza wapi, sikujua.

Sisemi ulinidanganya.
Nasema sikujua.
Mtu humwamini mwenzake kwa funguo, kwa fedha, kwa mtoto mchanga,
na bado usiku akajigeuza kitandani akiwaza
kama kura yake ilifika ilikotumwa
au ilishukia njiani.
Siri ya mtungi aijuaye kata.
Mtungi wangu mimi ulikuwa na kata mbili.

Unaukumbuka mwaka ule wa kesi ya mizabibu,
wewe na mwalimu Gurami hamsalimiani,
nami nikakutajia nambari ya Gurami?
Ulikohoa.
Kalamu ilichelewa kidogo.
Kikohozi kile ninacho mpaka leo.

Basi jana sikukungoja.
Nilishuka mwenyewe, fimbo mbele,
chini ya nyaya zinazobeba vibanda vya wachimba manganisi,
nazijua kwa mlio wake, huguna kama ng'ombe mzee.
Safari hii wameteremsha kura hadi ukumbi wa mazoezi.
Hakuna ngazi.
Mshukuru Zaza, yule wa kiti cha magurudumu.
Mara iliyopita vijana wanne walitaka kumbeba juu juu,
akawaambia, "Mimi si piano,"
akakaa chini ya ngazi na mvua yake hadi saa ya kufunga,
kitambulisho kwapani.
Watu walimpita wakisema pole.
Pole zote zile, Otari, na hakuna hata moja
iliyogeuka mbao ya kupitisha gurudumu.

Binti wa tume anaitwa Tekle,
sauti yake kijiko ndani ya glasi.
Akanipa kadibodi yenye matundu, karatasi imelala ndani,
na pembeni mwa kila tundu nukta nundu.
Kusoma maneno kwa vidole sikuwahi, nilichelewa kupofuka;
nambari, lakini, nazijua.
"Nikusaidie, mama?"
"Nisaidie kwa kuondoka."

Akaondoka. Pazia likatulia.
Nilibaki na harufu ya mipira na soksi za watoto,
na mikono yangu miwili, hakuna wa tatu.
Hapo hofu ikanijia: je, kalamu haina wino?
Nani ataniambia?
Nikaichora kwanza kwenye ukucha, nikanusa.
Ilinuka daftari la darasa la pili.
Nikatafuta tundu, nikahesabu toka juu,
nikahesabu tena toka chini,
nikazungusha kalamu ukingoni,
taratibu, kama anayefuta sahani kwa kipande cha mkate
asibakize kitu.

Kisha nikasimama tu.
Nyuma watu walikohoa, foleni ilikuwa ndefu.
Nikawaacha wakohoe.

Mlangoni walinipulizia kidoleni ule wino wao
usioonekana ila kwa taa ya zambarau.
"Huoni kitu?" nikamuuliza Tekle.
"Sioni, mama."
Nilicheka hadi fimbo ikaanguka.

Sasa nasikia unazungusha kikombe juu ya kisahani.
Mara ya tatu hiyo.
Swali limekukaa kooni, unataka kujua ni nambari gani,
unajifanya unatafuta sukari,
na katika nyumba hii, wajua vizuri, sukari hakuna.

Umekohoa.

Kunywa chai, shemeji. Inapoa.