Efatha, Saa Nane Mchana

Ukumbi ni wa Waskoti mpaka saa saba.
Saa nane ni wetu,
na hita wameshaizima.

Nakaa safu ya pili, viatu nimevua,
maana ngoma kwangu huanzia sakafuni,
hupanda kisigino, goti, kiuno,
hukwama mbavuni. Hapo ndipo ninaposikia,
kama nyumba inavyosikia lori likipita.

Leo Mchungaji Byamungu amefunga siku tatu kwa ajili yangu.
Nimeiona imani yake: mashavu yamebonyea.
Ananitia vidole masikioni,
vinanuka kitunguu cha sambusa za akina mama,
na kinywa chake kinafunguka kama mlango wa tanuri:
E-fa-tha!

Kimya.
Nasema kimya kwa ajili yenu. Mimi sina
cha kukilinganisha nacho tangu nilipokuwa na miaka saba,
tangu uti wa mgongo, wodi ile ya Bukavu,
mama akifumba na kufumbua mdomo
nami nikicheka, nikidhani ni mchezo.

Umesikia? midomo yake yauliza.
Watu wamesimama. Mzee Rumanzi machozi yamlenga.
Uongo mtamu umenikalia ulimini,
ndiyo moja tu, wacheze, nami nikae.
Nikatikisa kichwa.
Mikono yao ikashuka mmoja mmoja
kama nguo zinazoanuliwa mbichi.

Labda kuna dhambi, mama mmoja akamwambia jirani yake.
Alifunika sauti, hakufunika mdomo.
Husahau kwamba mimi huwasoma.

Imani, tumefundishwa, huingilia masikioni.
Fundisho hilo limenikaa kooni kama mwiba wa sato.
Basi, Bwana, mimi uliniingilia wapi?
Nani alikufungulia?
Maana umo. Hilo siulizi. Umo,
unahamisha viti usiku, nauhisi mtikisiko.

Elspeth hubaki nyuma kuosha vikombe vya Waskoti wenzake.
Miaka themanini na sita. Msichana wa kiwanda cha magunia,
enzi Dundee nzima ikivuta vumbi la nyuzi;
mashine zilimla masikio kabla hajaolewa,
na wasichana wale, kelele ilipowazidi,
wakaongea kwa vidole na midomo,
wakasengenya, wakachumbiwa, wakaomba,
hivyo hivyo, katikati ya radi ya vyuma.

Yeye hajawahi kuniuliza kama nimesikia.
Huuliza: chai?
Ngumi juu ya ngumi, kama anayesaga kitu.

Leo aliziona nguo mbichi zikianuliwa.
Akaikausha mikono kwenye aproni,
akanishika bega, akanigeuza kwenye mwanga wa dirisha,
akanionyesha jina.
Kidole cha kati cha kulia, katikati ya kiganja cha kushoto.
Kidole cha kati cha kushoto, katikati ya kiganja cha kulia.
Basi.

Ndivyo wanavyomwita.
Si Bethlehemu, si taji, si nyota,
hata maji kugeuka divai hayamo.
Viziwi wa nchi hii wanapomtaja Yesu
hugusa palipotoboka.
Nililirudia jina mpaka chai ikapoa.
Kaburi lilimwachia, na matundu akaondoka nayo;
hakuna aliyemwekea mikono ayazibe.

Mchungaji akaja na kikombe chake, macho chini.
Sikuwa na hasira. Nilikuwa na njaa, na yeye pia.
Nikamsukumia sahani ya sambusa,
nikakichukua kiganja chake, nikakifungua,
nikakiandika lile jina.

Akajaribu. Akakosea kidole,
akatumia cha shahada, kigumu, kwa haraka,
kama mtu anayebonyeza kengele ya mlango.
Nikamwacha.
Nyumbani kwangu kengele ni taa:
huwaka jikoni, mara mbili,
hata mgeni akikosea nyumba.