Roli ya Nyuma

Jumatatu, Vizela, mvua ya tangu Ijumaa.
Boksi kwapani, spana tatu mfukoni,
nikaenda hadi cherehani ya saba, ya Felismina,
ashonaye maturubai ya malori
tangu mimi niko darasa la pili.

Hakuniamkia. Alinyanyua mguu wa cherehani,
akachomoa turubai, akasogea
kama anayempisha daktari kwenye kitanda cha mgonjwa.

Mkono wake wa kulia huongoza.
Wa kushoto hukaa nyuma ya sindano, unavuta:
mita arobaini za pindo, kisha arobaini nyingine,
turubai zito kama ng'ombe aliyegoma darajani.
Vidole vya mkono huo vimelalia upande mmoja,
upande kazi inakotokea.

Nikafunga roli. Mpira mweusi, upana wa vidole viwili,
mahali pale pale pa mkono.
Mkanda, gia, skrubu ya mgandamizo:
saa moja na robo.
Kilichobaki ndicho kigumu.
Meno ya chini yanasukuma milimita sita
kila sindano inapopanda,
na roli nayo ivute sita na unywele.
Ikivuta pungufu, pindo hujikunyata kama uso wa mdaiwa.
Ikizidisha, sindano hupinda ingali ndani,
hugonga bamba, ta!
na ncha yake hutafutwa sakafuni kwa sumaku
au hupatikana shavuni.

Sindano ya kwanza: ta.
Nikalegeza robo.
Ya pili: ta.
Felismina akatoa neno ambalo, lingekuwa langu,
mama angenifungia mlango.
Akaja. Akalaza kiganja cha kushoto juu ya turubai,
nyuma ya roli. Hakuvuta. Alisikiliza tu.

"Inalivuta kabla halijaachwa," akasema.
"Likiwa bado na sindano mwilini, hulivuti.
Unangoja. Legeza.
Tena.
Hapo."

Mimi nina cheti cha Porto, kimetundikwa juu ya friji.
Nikalegeza.

Mita arobaini zikapita zimenyooka,
bila kuchechemea, bila mtu kuzishika mkia.
Hata Ondina, kule kwenye meza ya kukatia,
akaacha mkasi mdomo wazi.
Bosi akatazama saa yake, akafanya hesabu
ambayo hakuisema kwa sauti.

Felismina alishona hadi saa ya chakula.
Wa kulia ukaongoza.
Wa kushoto aliuweka mapajani, ukainuka wenyewe,
akaurudisha, ukainuka.
"Na huu, Abílio," akauliza, "niupeleke wapi?"
Kitabu cha maelekezo kina kurasa kumi na mbili.
Nilikuwa nimezisoma zote.

Alhamisi nikarudi kukaza mkanda.
Kwenye skrubu nikakuta alama ya rangi ya kucha, nyekundu,
robo nyingine kasoro kidogo chini ya kipimo changu.
Sikugusa.
Yeye alikuwa ameinua roli juu, imening'inia bure,
na mkono wa kushoto uko nyuma ya sindano,
unaligeuza turubai taratibu, unavuta, unangoja, unavuta.

"Kwenye kona haifai kitu hii," akasema,
bila kunitazama, karibu acheke.

Turubai lina kona nne.
Nilisimama pale na spana yangu
hadi alipoimaliza ya nne.